Jumamosi ya Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Wanachuo Waliojitolea Kufundisha Hisabati Shule ya Kata

Jumamosi ya kwanza walifika wanachuo 24 na wanafunzi 163. Jumamosi ya nne walifika wanachuo tisa na wanafunzi 41, na watatu kati ya hao tisa waliingia getini saa nne na nusu, wakati kipindi kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Hakukuwa na ugomvi. Hakuna aliyefukuzwa wala kukatazwa kuja. Nia ilikuwepo, chaki zilikuwepo, mkuu wa shule alikuwa ametoa madarasa manne pamoja na funguo zake, na bado kazi ilikuwa inapukutika huku kila mtu anaona.

Shule tunayoichambua ni ya mfano, na tarakimu zake tumezipanga ili msomaji aweze kuzifuata hesabu zenyewe. Namna mambo yanavyoharibika ndani yake, hata hivyo, ni ile ile inayojirudia pengi wanachuo wanakojitolea, na marekebisho tunayoyaeleza yanawezekana kwa fedha kidogo na watu wasiolipwa.

Hali ya shule

Ni sekondari ya kata nchini Tanzania, pembezoni mwa mji wenye chuo kikuu, kilomita tisa kutoka mabweni ya chuo. Shule za namna hii zilijengwa kwa wingi chini ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, kila kata ikihimizwa kuwa na yake. Ziliwafikia watoto ambao zamani darasa la saba lilikuwa ndio mwisho wao, na jambo hilo ni kubwa. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, madarasa yakajaa zaidi, lakini walimu wa hisabati na sayansi hawakuongezeka kwa mwendo huo. Hapa kidato cha pili kina wanafunzi 180 katika mikondo mitatu. Mwalimu wa Hisabati ni mmoja, na huyo huyo anafundisha kidato cha nne. Akitaka kusahihisha daftari 180 kwa dakika mbili kila moja, ni saa sita za mfululizo kwa zoezi moja tu. Ndiyo maana madaftari mengi yana vema tatu za mwezi wa pili, kisha kurasa zisizo na wino mwekundu hadi leo.

Mwezi wa Novemba unawasubiri na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Asiyefikia kiwango hurudia darasa. Anayepita akiwa na mashimo hupita nayo hadi kidato cha nne, ambako katika matokeo ya 2021 na 2022 ni takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano aliyefaulu Hisabati.

Wanachuo walilijua hilo. Wakachukua mtaala, wakaangalia mada za kidato cha pili, wakagawana: vipeo na vipeuo, milinganyo, logi, pembetatu zinazofanana. Kila darasa likapewa wanachuo sita. Mmoja anafundisha ubaoni mbele ya watoto 40, watano wamesimama nyuma wameegemea ukuta. Somo la kwanza lilienda vizuri kwa macho: ubao ulijaa, wanafunzi walinakili, swali la "mmeelewa?" lilijibiwa "ndiyooo" na darasa zima.

Kilichokuwa ndani ya daftari

Chukua daftari moja kutoka dawati la tatu, upande wa dirishani. Mwanafunzi amenakili mfano wa vipeo bila kukosea hata herufi. Chini yake kuna zoezi alilolifanya mwenyewe, na hapo hapo, katikati ya swali, amefika kwenye 10 − 4 + 3. Ameandika 3.

Mwanachuo akipita haraka atasema mtoto hajui kujumlisha. Anajua sana. Shule ya msingi alifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ameifuata herufi kwa herufi. JU imetangulia TO, kwa hiyo amejumlisha kwanza 4 na 3 akapata 7, kisha akatoa 7 kwenye 10. Hakuna aliyemwambia kwamba kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Jibu ni 9. Kosa lake lina mantiki kamili, na kosa la namna hiyo haliondoki kwa kurudia mada ya vipeo mara tatu. Linaondoka kwa mtu kukaa karibu naye, kumwuliza "umeanza na nini hapa?", kunyamaza, na kusikiliza.

Kuna mengine ya ukoo huo huo. Robo tatu jumlisha sehemu mbili za tano inakuwa tano ya tisa, kwa sababu kiasi kimejumlishwa na kiasi, asili na asili. Hasi 7 jumlisha 3 inakuwa hasi 10. Kipeo cha pili cha 5 kinakuwa 10. Mwanafunzi mwenye matatu kati ya haya hawezi kufuata somo la milinganyo hata likifundishwa na profesa, maana kila mstari wa nne anaanguka kwenye shimo la zamani. Anaacha kufuata, anabaki kunakili. Jumamosi inayofuata anaamua kubaki nyumbani kuchota maji, na uamuzi wake una sababu.

Hiki ndicho kiini cha kisa hiki. Wanachuo walianzia pale mtaala ulipofika, ilhali watoto walikuwa wamesimama nyuma zaidi, kila mmoja mahali pake. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya katika shule za msingi 121, wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, ulionyesha kwamba watoto wa darasa la kwanza walipogawanywa kwa kiwango walichonacho, wale wa juu na wale wa chini wote walijifunza zaidi kuliko walipochanganywa. Maelezo yaliyotolewa ni ya kawaida kabisa: mwalimu mwenye kundi la watu wanaokaribiana anaweza kuanzia pale walipo.

Lugha inayojificha ndani ya hesabu

Shimo la pili ni gumu kuliona kwa sababu linavaa nguo za la kwanza. Shule ya msingi ya serikali ilimfundisha mtoto hesabu kwa Kiswahili kwa miaka saba. Kidato cha kwanza ghafla mambo ni Kiingereza. Mwambie kwa Kiswahili: "Ukitoa 7 kwenye namba fulani unabaki na 12, namba hiyo ni ipi?" Wengi watakujibu 19 kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Mpe swali lile lile kama linavyokuja kwenye mtihani, "Seven less than a number is 12", na utaona 7 − x = 12, kwa kuwa saba imetajwa kwanza. Au utaona 7 < x, kwa kuwa maneno "less than" amewahi kuyasoma kama jina la alama hiyo.

Mwanachuo asiyejua hili atatumia dakika arobaini kufundisha milinganyo kwa mtoto anayeijua milinganyo. Na kinyume chake hutokea pia: mtoto anasingiziwa tatizo la lugha wakati hesabu yenyewe hana. Lazima vitenganishwe, na kuna njia rahisi ya kuvitenganisha, tutaieleza kwenye jaribio.

Mambo mengine yaliyobomoa

Orodha ya mahudhurio. Wanachuo waliikusanya kwa nia njema na kuiacha ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Jumatatu mstarini, waliokosa Jumamosi wakaitwa mbele na kuchapwa. Kuanzia hapo watoto walikuja kwa woga, na walioweza kukwepa walikwepa. Jambo hili linauma kwa sababu lilifanywa kwa karatasi ya wanachuo wenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua. Mwanachuo hana mamlaka ya kuchapa, na hana sababu ya kuandaa orodha ya watakaochapwa. Makubaliano yawekwe kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza: mahudhurio ya Jumamosi hayatumiki kwa adhabu ya aina yoyote.

Mwalimu wa Hisabati hakuulizwa chochote. Barua ilipita kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikateremka kwa Afisa Elimu Sekondari, ikafika kwa mkuu wa shule, mwalimu huyo akaambiwa Ijumaa jioni kwamba kesho kuna wageni. Wiki ya pili akaanza kusikia darasani kwake "wale wa chuo wanaelewesha." Wiki ya tatu akakuta njia ya mkato ya kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ambayo watoto wameishika bila kujua inafanya kazi lini, na akalazimika kuibomoa. Mtu huyu amebeba watoto hawa peke yake kwa miaka. Akiona kazi inafanyika juu ya kichwa chake, hata asipopinga kwa mdomo, msaada wake hautapatikana, na bila yeye hakuna anayejua mtoto yupi amefiwa na mama mwezi uliopita.

Nauli. Wanachuo waliambiwa watajitegemea. Mwanzo wa muhula bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, limeingia, watu wana moyo na wana nauli. Bumu likichelewa, anayekosa nauli haoni ni heshima kusema hana, anasema ana tesiti. Asiyekuja mara mbili huona aibu kurudi mara ya tatu.

Siku yenyewe pia ina mitego. Wasabato hawaji Jumamosi, na hakuna aliyeuliza ni wangapi. Mahali penye gulio la Jumamosi, watoto huuza na mama zao. Ramadhani ikiangukia katikati ya mpango, saa tisa mchana hakuna akili ya kukokotoa iliyobaki. Na kuanzia Machi hadi Mei ni masika: mvua ikianza kupiga bati, darasa lisilo na dari halisikii sauti ya mtu aliye mita mbili.

Kupanga upya

Kazi ilisimama Jumamosi mbili. Uamuzi wa kusimama ni mgumu kwa watu wanaojitolea, maana huonekana kama kushindwa, lakini kuendelea na watoto 41 waliokata tamaa ni kuwafundisha kukata tamaa vizuri zaidi.

Hatua ya kwanza ni kwenda kwa mwalimu wa Hisabati, wanachuo wawili tu, si kundi zima, siku ya kazi baada ya vipindi, na kumwuliza maswali matatu: watoto wanakwama wapi, mada gani unafundisha wiki zijazo, na kitu gani hutaki tukiguse. Majibu yake yaandikwe. Kuanzia hapo kila Alhamisi anapelekewa nusu ukurasa: majina, kosa lililoonekana, kilichofanyika. Anaweza kuusoma amesimama. Bila utaratibu huu tusingeanza tena.

Hatua ya pili ni kuhesabu watu kwa ukweli. Kati ya wale 24, waulizwe nani anaweza kutoa Jumamosi kumi mfululizo kabla ya yuii, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula. Wakibaki 14, ni 14. Kumi na wawili wanapewa makundi, wawili ni wa akiba na wanahudhuria kila wiki ili wawajue watoto. Kundi ni watoto watano. Kwa hiyo nafasi ni 60, na ni vizuri kulisema hilo waziwazi kuliko kukaribisha 180 na kuwahudumia sifuri. Tumeona watu wakiona uchungu kuwaacha wengine nje, na uchungu huo ni wa haki. Lakini mtu mmoja na watoto watano wale wale, wiki kumi, kwenye kona ile ile ya darasa, ndiyo dawa yenyewe. Ukiipunguza haifanyi kazi.

Kuhusu nani anafaa: mwanachuo wa uhandisi mwenye A ya Hisabati mara nyingi huruka hatua tatu bila kujua ameruka. Aliyepata C kwa kuhangaika hukumbuka mahali alipohangaika. Tungemchukua huyu wa pili kwanza. Wa ualimu wana faida ya kuzoea darasa, ila wengi wataondoka kwenda mafunzo kwa vitendo, hivyo ratiba yao iangaliwe mapema.

Jaribio la kutambua

Maswali 20, dakika 40, karatasi moja pande zote mbili, bila kikokotoo. Sehemu tano zenye maswali manne manne:

kutoa kwa kukopa, kuzidisha na kugawanya namba nzima;
sehemu na desimali;
namba hasi na mfuatano wa matendo;
aljebra nyepesi, mabano na mlinganyo wa hatua mbili;
mafumbo manne, mawili kwa Kiswahili na mawili kwa Kiingereza, yenye muundo ule ule lakini tarakimu tofauti.

Hiyo sehemu ya tano ndiyo inayotenganisha lugha na hesabu. Aliyepata mawili ya Kiswahili na kukosa mawili ya Kiingereza anahitaji msamiati na mazoezi ya kusoma swali. Aliyekosa yote manne anahitaji kuanza chini. Aliyepata ya Kiingereza na kukosa ya Kiswahili ni nadra, lakini yupo, hasa aliyetoka shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza.

Usahihishaji usiishie kwenye jumla. Pembeni mwa kila swali lililokosewa iandikwe herufi ya aina ya kosa: H kwa hesabu za msingi, S kwa sehemu, A kwa alama ya hasi au mfuatano, M kwa mabano na aljebra, L kwa lugha, na O kwa swali ambalo halikuanzwa kabisa. O nyingi mfululizo mwishoni humaanisha muda ulimwishia. O zilizotawanyika humaanisha woga. Makundi yapangwe kwa herufi, si kwa jumla ya alama. Watoto wawili wenye 9 kati ya 20 wanaweza kuwa na shida zisizofanana hata kidogo. Alama zisibandikwe ukutani wala kutajwa mbele ya wenzao.

Tuseme waliokosa maswali manane au zaidi ni 112. Nafasi ni 60. Bahati nasibu ifanyike mstarini mbele ya wote, visanduku viwili, wavulana na wasichana mbali, ili uwiano usipotee. Watoto huikubali bahati nasibu wanayoiona kwa macho. Wale 52 waliobaki wapewe karatasi za mazoezi kupitia kwa mwalimu wao, na wawe wa kwanza awamu ijayo. Wana kazi nyingine muhimu tutakayoifikia.

Dakika tisini

Kumi za mwanzo ni mdomo tupu: jedwali la kuzidisha, kujumlisha kwa kichwa, haraka haraka, kila mtoto asikike sauti yake. Kumi na tano zinazofuata ni swali moja la wiki iliyopita, linafanywa na mtoto huku wenzake wanaangalia. Thelathini na tano ni jambo jipya, moja tu. Ishirini kila mtu peke yake kwenye karatasi. Kumi za mwisho ni swali moja la kutokea, jibu linaandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubaki kwa mwanachuo. Hivyo vipande vitano ndivyo vinavyoamua Jumamosi ijayo ianze wapi.

Maelezo yawe kwa Kiswahili, jibu liandikwe kwa Kiingereza kama mtihani utakavyotaka. Nyuma ya daftari kuwe na msamiati, maneno matano kwa wiki na si zaidi, kila neno na mfano wake wa hesabu: mwanafunzi anayejua kwamba "hence" inamwambia atumie jibu alilolipata juu hapotezi muda kuanza upya.

Kalamu ibaki mkononi mwa mtoto. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa zaidi. Mwanachuo anaona mtoto anasitasita, anachukua kalamu, anaandika mstari mmoja "kumsaidia", na mtoto anatikisa kichwa. Hakuna kilichoingia. Iliyo karibu nayo ni kusubiri. Mmarekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu na wengi zaidi wakajaribu. Sekunde tatu za ukimya ni ndefu ukiwa wewe ndiye uliyeuliza. Wanachuo wafanye mazoezi wao kwa wao, mmoja akijifanya mwanafunzi wa 10 − 4 + 3. Mafunzo ya saa nne, nusu ya kwanza kosa na jinsi ya kulisoma, nusu ya pili ulinzi wa mtoto, yanatosha kuanza.

Mvua ikianza, kila kundi lihamie kwenye karatasi: mwanachuo anaandika swali, mtoto anaandika jibu, mazungumzo yanaendelea kwa maandishi mpaka mvua ipungue. Kwa Wasabato, wanachuo wawili waende Jumatano baada ya vipindi.

Wanafunzi watauliza wawaiteje. Walimu wao wanaitwa "sir" na "madam". Tungeshauri "kaka" na "dada", na shikamoo ipokelewe kwa marahaba yake, inaweka heshima na inaacha mlango wazi kwa mtoto kusema "kaka, hapa sijaelewa."

Ulinzi

Hapa hakuna kujadiliana. Makundi yakae madarasa yenye milango wazi, makundi matatu kila darasa, ili kusiwe na mwanachuo mmoja na mwanafunzi mmoja peke yao. Namba za simu hazibadilishwi na wanafunzi. Hakuna zawadi binafsi, hakuna kumpakia mtoto kwenye bodaboda, hakuna kumtembelea nyumbani. Picha za watoto hazipandi mitandaoni. Mwanafunzi akieleza kupigwa, kubakwa au kukaribia kuozeshwa, mwanachuo hachunguzi na haahidi siri. Anamweleza siku hiyo hiyo mwalimu wa malezi ambaye jina lake kila mmoja analijua tangu siku ya mafunzo, na kama anayetajwa ni mwalimu, taarifa inakwenda kwa ofisa ustawi wa jamii. Kila mwanachuo asomewe Sheria ya Mtoto ya 2009, na aelezwe kwamba tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Elimu, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Wengi wa wanachuo wana miaka 20 au 21, na wanafunzi wengine wana 17. Jambo hili lisemwe wazi mapema.

Wasichana wafike nyumbani kabla ya giza, kwa hiyo saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi ni bora kuliko mchana.

Fedha

Nauli ikiwa shilingi 700 kwenda na 700 kurudi, watu 14 ni shilingi 19,600 kwa Jumamosi na 196,000 kwa kumi. Zipatikane zote kabla ya kuanza, na zigawiwe kwa mwezi, si siku yenyewe. Karatasi: 60 kwa wiki mara kumi ni 600, jaribio la kwanza 180, la mwisho 112, jumla 892. Rimu mbili zinatosha na kubaki. Gharama kubwa ni kopi, si karatasi, hivyo tafuteni idara ya chuo itakayoruhusu mashine yake. Uji wa kikombe kimoja kila mtu ni kama lita 20, unga kilo mbili na nusu, sukari kilo moja. Mzazi mmoja wa zamu akipika, mtoto aliyetoka nyumbani bila kitu tumboni anaweza kukaa dakika tisini. Tungepunguza fulana zenye nembo kabla ya kupunguza uji.

Kujua kama kuna kilichobadilika

Jumamosi ya kumi jaribio linarudiwa, maswali yale yale, tarakimu zimebadilishwa. Watu wengi huchukua alama za wale 60, wanaona zimepanda, wanafurahi. Haitoshi. Waliochaguliwa ni waliofanya vibaya siku ile, na kati yao wapo waliokuwa wagonjwa au wamelala vibaya. Wangepanda hata bila msaada. Pia mwalimu wao ameendelea kufundisha wiki zote hizo. Ndiyo kazi ya wale 52: nao wafanye jaribio la pili. Tofauti ya kupanda kati ya makundi mawili, yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, ndiyo inayoweza kuhusishwa na Jumamosi. Nchini Italia mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa Korona, Michela Carlana na Eliana La Ferrara waligawa kwa bahati nasibu wanafunzi wa shule za kati waliokuwa nyuma, wengine wakapata mwanachuo wa kujitolea wa kuwafundisha kwa intaneti, saa tatu hadi sita kwa wiki, wengine wasipate. Waliopata walipanda alama, na hali yao ya moyo ikawa njema zaidi. Waliopata saa nyingi zaidi walipanda zaidi. Walilijua hilo kwa sababu walikuwa na wa kuwalinganisha nao.

Angalieni herufi pia, si jumla pekee. S ikitoweka na L ikabaki, awamu ijayo inajulikana ianze wapi.

Kuondoka

Watoto hawa wamezoea watu wanaokuja na kutoweka. Tarehe ya mwisho itajwe Jumamosi ya kwanza, ikumbushwe ya saba, na ya kumi ifike kama ilivyotajwa. Mwanachuo anayelazimika kuacha katikati aje mwenyewe kuaga kundi lake pamoja na wa akiba anayempokea, hata kama ni dakika kumi.

Kwa mwalimu wa Hisabati huachwa bahasha moja: karatasi ya kila mtoto yenye herufi za jaribio la kwanza na la pili, nakala tupu za maswali yote, na orodha fupi ya wale ambao bado hawajashika jedwali la kuzidisha. Wakiwa wanane, majina manane. Shule ikifunguliwa Julai, wanachuo watakuwa makwao na yeye atakuwa na vipindi vyake vyote kama zamani, lakini atajua kwamba yule wa dawati la tatu dirishani alikuwa anajumlisha kabla ya kutoa, na kwamba sasa anaanza kushoto.